Mtoto kafaulu lakini krediti kanyimwa: maswali ya wazazi kuhusu mahudhurio sekondari za Texas

Kila mwaka ikifika Desemba na tena Mei simu yangu haitulii, ni wazazi wa Houston, Fort Worth, Abilene, Amarillo, wengine Wakongo, wengine Warundi, Wakenya, Watanzania wenzangu, na kisa ni kilekile: barua imetoka shule, Kiingereza kigumu, mtoto anasema "si kitu mama", kumbe ni kitu na ni kikubwa. Nimeyakusanya hapa maswali ninayoulizwa sana. Majibu ni ya shule za serikali za Texas, kama uko Ohio au Kentucky au Arizona sheria zenu ni nyingine, tafadhali usibebe namba zangu.

Krediti ni nini hasa? Kwani si mtihani wa mwisho ndo unaamua?

Hapana, na hapa ndo wengi wetu tunapotelea. Sisi tumekulia mtihani wa taifa, Form Four ya NECTA, KCSE kwa Wakenya, Examen d'État kwa Wakongo, yaani hata kama ulikuwa unakosakosa shule, ukiingia chumba cha mtihani ukaandika vizuri umepita. Texas mtoto anajenga ukuta tofali kwa tofali. Somo la mwaka mzima ni krediti 1, la semista moja ni nusu krediti, na kila semista anaweka matofali yake. Diploma ya kawaida inataka krediti 22: Kiingereza 4, hesabu 3, sayansi 3, masomo ya jamii 3, lugha nyingine 2, michezo 1, sanaa 1 na 5 za kuchagua. Akitaka diploma yenye mchepuo, kwa mfano sayansi au biashara, zinakuwa 26. Ile mitihani ya jimbo ya STAAR ipo pia, mitano, Kiingereza cha kwanza na cha pili, aljebra, biolojia na historia ya Marekani, ila hata akiipita yote, krediti zisipotimia hakuna diploma.

Sasa ili apate krediti ya somo lazima vitu viwili viwepo kwa pamoja: alama 70 au zaidi, na kuwepo darasani. Cha kwanza tunakijua wote, cha pili ndo kinatuumiza.

Hiyo asilimia 90 imetoka wapi, ni ukali wa shule yetu tu?

Si shule yenu. Ni sheria ya jimbo, kifungu 25.092 cha Kanuni ya Elimu ya Texas, na inasema mwanafunzi hawezi kupewa krediti wala alama ya mwisho ya somo kama hakuhudhuria angalau asilimia 90 ya siku ambazo somo hilo lilifundishwa. Haijalishi ana akili kiasi gani. Nimeona mtoto wa Kikongo ana 93 ya kemia na krediti imezuiliwa.

Mwanangu kakosa siku 6 tu, mbona wanasema kapitiliza?

Kwa sababu wanahesabu kila somo peke yake, hawahesabu siku za shule kwa jumla. Naomba mlisome hili taratibu maana likieleweka mengine yote yanakuwa rahisi.

Chukua shule ambayo kila somo linafundishwa kila siku na semista ina siku 86. Asilimia 90 ya 86 ni 77 na kitu, kwa hiyo lazima awepo mara 78, anaweza kukosa mara 8, ya tisa inamtoa. Hapo siku 6 bado yuko salama.

Ila shule nyingi zinatumia ratiba ya siku A na siku B, yaani leo masomo manne, kesho manne mengine. Somo linakutana siku moja ndiyo moja hapana, kwa hiyo kwa semista hiyohiyo linakutana mara 43 tu. Asilimia 90 yake inamtaka awepo mara 39. Anaweza kukosa mara 4, basi! Akikosa siku 6 na kwa bahati mbaya 5 zikaangukia siku A, masomo manne ya siku A yote yamekwenda, huku ya siku B hayana tatizo hata kidogo. Ndo maana barua inaweza kutaja masomo manne na kuyaacha mengine, shule haijakosea, ni hesabu.

Halafu kuna mstari wa pili, asilimia 75. Akiwa kati ya 75 na 90 sheria inamruhusu mkuu wa shule kumpa mpango wa kufidia, akiumaliza anapata krediti. Kwa mfano wetu wa mara 43, hapo ni aliyekosa kuanzia 5 mpaka 10. Akiteremka chini ya 75 mpango wa mkuu wa shule peke yake hautoshi, lazima kamati ya mahudhurio ya wilaya iamue, nitaieleza mbele.

Nilipeleka karatasi ya daktari kila mara, mbona bado wanahesabu?

Hili swali linaniuma kwa sababu mzazi anakuwa amefanya kila alichoambiwa. Shika hivi: shule inaandika madaftari mawili.

Daftari la kwanza ni la utoro. Humo kinachoangaliwa ni kama siku aliyokosa ilikuwa na ruhusa au haikuwa nayo. Karatasi yako ya daktari inafanya kazi humo, inakukinga na korti.

Daftari la pili ni la krediti, na humo kinachoangaliwa ni kama mtoto alikuwa kwenye kiti au hakuwa. Mtoto akilala na malaria au mafua siku tatu nyumbani, hata ukiwa na karatasi ya daktari yenye muhuri, kwa kawaida siku tatu zile zinahesabiwa hakuwepo. Karatasi haifuti siku, inakuwa ushahidi wako baadaye mbele ya kamati. Kwa hiyo ipeleke na ubaki na kopi nyumbani, mimi natumia bahasha moja ya kila mtoto, kila kitu kinaingia humo.

Kwa hiyo hakuna siku ambazo hazihesabiwi kabisa?

Zipo, sheria imezitaja. Sikukuu ya dini, Eid kwa mfano, pamoja na siku moja ya kwenda na moja ya kurudi kama mnasafiri kwa ajili hiyo. Kuitwa kortini. Kwenda ofisi ya serikali kwa makaratasi ya kuomba uraia wa Marekani, na siku ya kuapa uraia yenyewe. Mtoto wa darasa la 11 au 12 kwenda kutembelea chuo, mpaka siku 2 kwa mwaka. Na miadi ya daktari, lakini hapa sikilizeni vizuri: ni lazima siku hiyohiyo aanzie shule au arudi shule, akiwa na karatasi ya kliniki. Miadi saa nne asubuhi ukaamua "aah, leo abaki tu nyumbani", umeipoteza ile siku. Ukimrudisha saa saba mchana hata kwa vipindi viwili, anahesabiwa alikuwepo.

Hizo zote zinataka taarifa ya maandishi kwa ofisi ya mahudhurio, na mtoto afanye kazi alizokosa. Eid usisubiri shule ijue yenyewe, andika barua mapema, mstari mmoja unatosha. Na timu ya shule ikisafiri kwenda mechi, hiyo ni shughuli ya shule, mtoto hahesabiwi kuwa hakuwepo.

Akichelewa tu, naye anahesabiwa hakuwepo?

Inategemea ISD yenu, yaani wilaya ya shule, lakini sehemu nyingi zimeweka kikomo cha dakika na akikipita anaandikwa hakuwepo kwenye kipindi hicho. Mimi hili limenikuta. Nilikuwa na shifti ya saa kumi na moja alfajiri, baba yao yuko barabarani na lori, kwa hiyo kijana wangu mkubwa ndo alikuwa anawapeleka wadogo zake shule ya msingi halafu anakimbilia yake, anafika kipindi cha kwanza kimeshaenda karibu nusu. Kila siku anafika! Mimi nikajua mtoto wangu hajawahi kukosa shule. Mwisho wa semista Kiingereza ana 84, krediti hakuna, kwa sababu kipindi cha kwanza ndo kilikuwa Kiingereza na kwenye mfumo wao alikuwa amekosa mara nyingi kuliko alizokuwepo wiki zingine. Barua walituma kwa imeili ambayo niliiandika siku ya kwanza tulipofika Marekani na sikuwahi kuifungua tena. Nililia siku ile, si kwa hasira ya shule tu, kwa sababu mtoto alikuwa ananisaidia mimi.

Tulienda kwenye kamati, nikaeleza, wakampa saa za kufidia Jumamosi, krediti ikarudi. Ila ningejua Septemba ningeenda kwa kaunsela, yaani mshauri wa wanafunzi pale shuleni, kuomba kipindi cha kwanza kibadilishwe au wadogo zake wapandishwe basi la shule, lilikuwepo, sikuwa najua kuliomba.

Nilimbakiza mtoto anikalimanie hospitali. Hiyo si sababu?

Kwa utaratibu wa mahudhurio, hapana, mara nyingi inaandikwa haina ruhusa, maana miadi ilikuwa yako si yake. Wazazi wenzangu hapa nitasema bila kuficha, tunawachosha hawa watoto, hasa wasichana. Huyu anaenda kukalimani kliniki, huyu anabaki na mtoto mchanga kwa sababu mama kaitwa ovataimu. Hospitali zina wakalimani wa simu wa Kiswahili, sema tu neno "Swahili" pale mapokezi, hulipi. Na shuleni vilevile, mkienda kikao omba mkalimani kabla ya siku yenyewe, usikubali mwanao akalimani kikao kinachomhusu yeye, atatafsiri yale anayotaka uyasikie.

Tunataka kwenda nyumbani Desemba, wiki tano, bibi anaumwa. Shule itaelewa?

Mwalimu anaweza kukuonea huruma lakini daftari la krediti halina safu ya huruma. Likizo ya Krismasi ni kama wiki mbili, hizo nyingine tatu ni siku 15 za shule, na zinakata semista vipande viwili, zingine mwisho wa ya kwanza ambapo kuna mitihani, zingine mwanzo wa ya pili. Shule zingine mtoto akipotea siku nyingi mfululizo wanamtoa kabisa kwenye orodha, mkirudi mnaanza kuandikisha upya. Kama safari haikwepeki, msiba hauchagui tarehe, basi nenda ofisini kabla ya kuondoka, andika barua, chukua kazi za walimu, na mkirudi lete ushahidi, tiketi, cheti cha kifo, chochote. Kamati inatofautisha sana kati ya familia iliyotoa taarifa na iliyoyeyuka. Harusi, mimi kwa maoni yangu, tuziweke Juni na Julai.

Tumefika Texas Oktoba, hizo siku za Agosti na Septemba wanamhesabia?

Hapana, kwa mtoto aliyehamia wanaangalia alizokosa tangu alipoandikishwa kwao. Ila ndo sababu msichelewe kumwandikisha, na kama alisoma sekondari kwingine leteni ripoti zake hata kama ni za Kifaransa au Kiswahili, kuna krediti zinaweza kutambuliwa.

Barua imeshakuja. Nianzie wapi?

Usiiweke juu ya friji. Soma inataja masomo gani na tarehe gani, halafu fungua apu ya wazazi ya shule, au nenda ofisini uombe wakuchapishie mahudhurio ya kila kipindi, na ukae na mtoto muipitie mstari kwa mstari. Makosa yapo! Mwalimu wa zamu anasahau kumtiki aliyechelewa, mtoto alikuwa kwa nesi au kwa kaunsela akaandikwa hayupo, siku ya Eid haikubadilishwa. Kila kosa unalolirekebisha ni mara moja imerudi, na kama kakosa 5 wakati ruhusa ni 4, kosa moja tu likirekebishwa umemaliza kesi bila kamati.

Yakibaki, omba fomu ya kwenda mbele ya kamati ya mahudhurio. Kila wilaya lazima iwe nayo, na sheria inataka wengi wa wajumbe wawe walimu wa darasani, kwa hiyo unaongea na watu wanaojua watoto, usiende kama unakwenda polisi. Fomu ina tarehe ya mwisho, iheshimu.

Wanachotaka kujua ni mambo machache: sababu ilikuwa nje ya uwezo wenu au la, mtoto alijitahidi kufanya kazi alizokosa au la, na kama kweli analijua somo. Kwa hiyo usiende ukaishia kusema "tunaomba msamaha". Nenda na karatasi za daktari, barua ya meneja kama shifti ilibadilika, hati ya kuhama nyumba, alama zake, na hata maneno mawili kutoka kwa mwalimu wa somo. Mwambie mtoto naye aongee, kwa sauti yake. Yule wangu alisema "I was taking my brothers to school" na mwalimu mmoja akaacha kuandika akamtazama.

Wakikubali, mtoto anafidiaje? Tutalipa?

Njia zinatofautiana, kuna shule ya Jumamosi, kukaa na mwalimu kabla au baada ya masomo, masomo ya kiangazi, programu ya kompyuta ya kurudisha krediti, na kuna kufanya mtihani wa krediti wa somo hilo kama kamati itaruhusu, mtoto aliyekwisha fundishwa somo anatakiwa kupata 70. Kuhusu pesa, sheria inasema lazima iwepo angalau njia moja ya bure. Ukiambiwa kiangazi ni dola kadhaa na hakuna kingine, uliza kwa upole: ya bure ni ipi?

Na muandike saa anazomaliza. Kuna binti namfahamu alikaa Jumamosi zote na karatasi ya sahihi ikapotea ofisini, kilichomuokoa ni picha alizokuwa anapiga kwa simu kila akisainiwa.

Kamati ikikataa?

Mnakata rufaa kwa bodi ya wadhamini wa wilaya ya shule, na bodi nayo ikikataa sheria inawaruhusu kwenda korti ya wilaya. Wengi hawafiki huko, lakini kujua kwamba mlango upo kunabadilisha namna unavyokaa kwenye kile kiti.

Na ile habari ya kupelekwa kortini, kufungwa?

Hiyo ni ya daftari la kwanza, la utoro. Shule ni lazima kuanzia miaka 6 mpaka mtoto atimize 19. Akikosa bila ruhusa siku 3 au sehemu za siku ndani ya wiki 4, mnapata onyo. Akifika 10 au zaidi ndani ya miezi 6 ya mwaka huohuo wa shule, anaweza kupelekwa korti ya utoro. Tangu 2015 Texas waliacha kuufanya utoro wa mtoto kuwa jinai, sasa ni kesi ya madai. Mzazi ndo bado anaweza kushtakiwa kwa uzembe, faini mpaka dola 100 mara ya kwanza na inapanda mpaka 500. Kabla ya hapo shule inatakiwa iwe imejaribu hatua za kusaidia, na sheria inataja watoto ambao hawapelekwi kortini kama utoro umetokana na hali yao: mjamzito, asiye na makazi, aliye kwenye malezi ya serikali, mwenye ugonjwa mkubwa, na yule ambaye kipato chake ndicho kinachobeba familia. Huyu wa mwisho yupo kwetu, yule kijana wa miaka 18 anayefanya kazi usiku kiwandani analipa kodi ya nyumba halafu saa mbili asubuhi anasinzia kwenye hesabu. Kama ndo mwanao, mwambieni kaunsela ukweli, kuna shule zenye ratiba za jioni au za nusu siku.

Mwanangu ana miaka 19 na yuko darasa la 10, anaruhusiwa kusoma?

Anaruhusiwa, wilaya lazima impokee kama hajafika 21 tarehe 1 Septemba. Lakini kwake kamba ni fupi: aliyetimiza 19 akikosa bila ruhusa zaidi ya mara 5 kwa semista wanaweza kufuta uandikishwaji wake, kwa hiyo barua ya onyo akiipata aichukulie kama ndo ya mwisho.

Leseni ya gari na mpira navyo vinaguswa?

Leseni ndiyo. Aliye chini ya miaka 18 anaombwa fomu ya VOE kutoka shule inayoonyesha ameandikishwa na anahudhuria, na mwenye mahudhurio mabaya anaweza kuikosa. Mpira unaguswa na alama, akishuka chini ya 70 anakaa nje ya mechi wiki 3 angalau.

Hatuna makaratasi ya ukaazi, nikienda kugombania krediti si nitajiletea matatizo?

Haki ya mtoto wako kusoma bure ilipiganiwa hapahapa, kesi ya Plyler ilianzia mji wa Tyler, Texas, na Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua 1982 kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya serikali kwa ajili ya hali yake ya uhamiaji. Fomu ya kamati inahusu siku alizokosa na sababu zake, zungumzia hizo.

Kijana amekata tamaa, anasema bora aache akafanye kazi kwa sababu krediti ziko nyuma.

Usianze kwa kugombana naye. Chukueni transkripti, yaani orodha ya masomo, alama na krediti zake, kwa kaunsela muhesabu pamoja, zimebaki ngapi, zipi zilizuiliwa kwa mahudhurio tu huku alama zipo, maana hizo za alama 70 na zaidi ndo nyepesi kurudi, hafundishwi upya somo zima. Ulizeni pia kama wilaya yenu inakubali mtihani wa krediti wa lugha kwa Kiswahili, hiyo lugha ambayo anaijua tangu titi la mama yake. Mwaka jana tulikaa hivyo na kijana mmoja wa Uvira aliyekuwa anasema amebakiza 9, tukakuta 3 kati ya hizo ni saa za Jumamosi tu hazijafanywa. Alitoka pale ofisini akauliza Jumamosi ijayo wanafungua saa ngapi.